Naivasha, Ziwa la Wageni

Ziwa Naivasha, lililoko katika Kaunti ya Nakuru kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ni moja kati ya maziwa machache ya Bonde la Ufa nchini Kenya yenye maji yasiyo na chumvi, ingawa hakuna mto hata mmoja unaoonekana ukitoka ndani yake. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati huingiza maji kutoka upande wa kaskazini, jua huyageuza mengi yake kuwa mvuke, na sehemu nyingine hupenya taratibu chini ya miamba ya volkano ikiondoka na chumvi ambayo katika maziwa jirani ya Elementaita na Nakuru hukosa pa kutokea na kuyafanya maji kuwa ya magadi. Kwa sababu hiyo Naivasha lina uwezo wa kumlea karibu kila samaki wa maji baridi atakayetiwa humo, na katika muda wa karne moja wametiwa wengi, baadhi kwa idhini na mipango ya serikali na baadhi pasipo mtu kujua, hata ikawa kila samaki anayefika sokoni leo kutoka ziwa hilo ni mgeni au mzao wa mgeni.

Wanaikolojia, yaani wataalamu wanaochunguza uhusiano wa viumbe na mazingira yao, hutumia istilahi ya spishi vamizi kwa kiumbe ambacho binadamu amekihamisha kutoka makao yake ya asili, kikastawi mahali papya bila kutunzwa, kisha kikaanza kuwadhuru waliokitangulia. Masharti hayo yote yanahitajika kwa pamoja, kwa kuwa si kila kigeni ni kivamizi: mahindi yalitoka bara la Amerika na yameenea Molo, Njoro na Rongai kote, lakini hayajawahi kuteka msitu wowote, kwa maana hayawezi kuishi misimu miwili bila jembe la mkulima. Samaki yuko tofauti. Akishatiwa majini hakuna ua wa kumzuia wala palizi ya kumng'oa, na jicho la mwenye kumtia halimwoni tena mpaka siku atakaponaswa wavuni.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia upande wa kusini wa ziwa katika miaka ya 1980, wakati mashamba ya maua yalipoanza kuenea kando ya barabara ya kuelekea Kongoni, na alilelewa akiamini kwamba tilapia, ambaye wengi huko humwita ngege, pamoja na besi mwenye kinywa kipana na kamba wekundu wa maji baridi, walikuwa wenyeji wa ziwa kama walivyo viboko na mafunjo. Watoto wa rika lake walifunga kipande cha utumbo wa kuku kwenye uzi, wakakizamisha penye maji haba, na baada ya kitambo kidogo wakamvuta kamba aliyeng'ang'ania chambo kwa magando yake mawili huku akipiga mkia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia kwamba kiumbe huyo alikuwa ameishi hapo kwa muda usiozidi umri wa kaka zao. Miaka ya 2000 ilipofika na samaki asiyejulikana akaanza kuzijaza nyavu, wazee walilalamika kwamba huyo si wa hapa, naye mwandishi akalirudia lalamiko hilo kwa moyo wote, mahali pengi na kwa miaka kadhaa, pasipo kujiuliza ni nani basi aliyekuwa wa hapa.

Jibu la swali hilo ni fupi na linahuzunisha. Samaki pekee ambaye wanasayansi walimkuta akiishi ndani ya ziwa kabla ya wageni kuletwa alikuwa mdogo mno, wa jenasi ya Aplocheilichthys, mwenye urefu wa sentimita chache tu na macho yanayong'aa nuru inapoyapiga, aliyekaa kwenye maji haba kati ya mimea. Hakuvuliwa kwa biashara, hakupikwa katika nyumba yoyote, wala hakuna simulizi la ufuoni linalomtaja. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Inaaminika kwamba aliyemmaliza ni besi, samaki mla samaki aliyetolewa Marekani na kutiwa Naivasha katika miaka ya 1920 ili walowezi wapate windo la kuwasisimua kwenye ndoano, kisha akatiwa tena mwaka 1951 baada ya ziwa kupungua sana katika muongo uliotangulia. Tilapia wa kwanza, aitwaye Oreochromis spilurus niger, alikuwa ametiwa mwaka 1925. Hivyo ndivyo wakubwa walivyoletwa, mmoja kwa ajili ya chakula na mwenzake kwa ajili ya mchezo, wakamkuta mdogo ambaye kwa maisha yake yote hakuwa amemkimbia adui wa aina hiyo.

Tangu hapo kila mgeni aliandaa njia ya mwingine. Mwaka 1956 aliletwa tilapia aina ya zillii, anayekula majani, na katika shehena hiyohiyo akaingia kwa bahati mbaya ndugu yake aitwaye leucostictus; huyu wa pili, ambaye hakuna aliyemwagiza, akazaana na tilapia wa mwaka 1925 mpaka damu yao ikachanganyika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 yule wa awali akawa ametoweka ziwani. Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulikuwa umefunguliwa mwaka 1959, na mwaka 1967 akajaribiwa pia tilapia wa Nile, akatoweka baada ya miaka michache. Ukiutazama mfululizo huo wote unaona kwamba mwagizwa mara nyingi alishindwa na asiyeagizwa akafaulu, jambo ambalo lingetosha kuwafanya wenye mamlaka wasite, lakini halikuwasitisha.

Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu, Procambarus clarkii, ambaye asili yake ni vinamasi vya Louisiana na ambaye alifika Kenya kupitia Uganda. Kusudi lilikuwa kumuuza Ulaya, na kwa muda biashara ilinoga. Hata hivyo kamba huyo hula karibu kila kitu kinachomea au kutambaa chini ya maji, na kufikia mapema miaka ya 1980 mayungiyungi yaliyokuwa yakifunika ghuba zenye utulivu, pamoja na mimea iliyozama ambayo samaki wachanga hujificha ndani yake, yalikuwa yametoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Idadi ya kamba yenyewe iliposhuka kwa kukosa chakula, mimea ilirudi kwa kiasi. Ilipopanda tena, mimea ikapotea. Tukiongeza gugu la salvinia lililoingia katika miaka ya 1960, gugu maji lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1980, na panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini aliyetoroka kwenye shamba la manyoya na kuishi ziwani kwa miaka kadhaa kabla ya kutoweka, tunapata ziwa ambalo tangu miaka ya 1950 halikuwahi kupewa miaka 20 ya kupumua kati ya mgeni mmoja na mwingine.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja kapi, samaki wa asili ya Ulaya mashariki na Asia, ambaye wanasayansi humwita Cyprinus carpio. Hakuletwa na mtu yeyote kwa nia ya kumtia Naivasha. Inaaminika kwamba alikuwa akifugwa katika mabwawa yaliyo kwenye bonde la Malewa, mvua kubwa zikafurisha mabwawa hayo, naye akafuata mkondo hadi ziwani, ambako alianza kunaswa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati wenyewe ulimpendelea kwa namna ya ajabu. Uvuvi ulikuwa umeporomoka kwa sababu ya nyavu zenye macho madogo, mashua zisizo na leseni na kupungua kwa maji, hivi kwamba mwaka 2001 serikali ilisimamisha uvuvi wote kwa mwaka mmoja. Tilapia walikuwa wachache, na besi, ambaye angeweza kuwala vifaranga vya kapi, alikuwa haba vilevile. Isitoshe, watafiti walikuwa wamekwisha kueleza miaka mingi kabla kwamba wadudu na minyoo waishio katika tope la ziwa hilo hawakuwa na samaki wa kuwala ipasavyo, kwa kuwa tilapia na besi walitafuta riziki yao kwingine. Meza ilikuwa imeandaliwa chini kabisa, na hakuna aliyekuwa ameketi.

Umbo la kapi linaeleza kazi yake. Mwandishi alimshika kwa mara ya kwanza ufuoni Kamere, akiwa na uzito wa kilo nne hivi, magamba yake makubwa kama sarafu za shilingi ishirini, mgongo wa rangi ya shaba iliyofifia, na pembeni mwa midomo sharubu nne fupi, mbili kila upande, ambazo hupapasa tope na kuonja kilichomo. Mvuvi aliyesimama karibu alimbana samaki taya kwa vidole, na kinywa kikachomoka mbele kama mrija. Kwa mrija huo kapi hunyonya tope, huchuja wadudu, kisha hutema kilichobaki. Samaki mmoja anapofanya hivyo maji huchafuka kidogo, lakini wanapofanya hivyo maelfu kwa maelfu usiku na mchana, tope huelea daima, mwanga wa jua haufiki tena chini, mizizi ya mimea iliyozama hung'olewa, na fosforasi, yaani rutuba iliyokuwa imetulia chini pamoja na ile iliyoletwa na mito kutoka mashambani, hupanda juu na kuwalisha mwani. Ziwa lenye mimea na maji mangavu hugeuka kuwa ziwa la mwani na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mabadiliko hayo yakishakamilika hayarudi nyuma kwa kumpunguza kapi peke yake, kwa kuwa mimea haiwezi kuota gizani. Jike kubwa la kapi hutaga mayai kwa malaki katika majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, kwa hiyo kila mwaka ambao ziwa hupanda na kuzamisha ukingo wake humwongezea kitanda cha kutagia.

Kufikia mwaka 2010 kapi alikuwa zaidi ya asilimia 90 ya samaki wote waliovuliwa Naivasha.

Hapa ndipo hukumu ya mwandishi ilipolazimika kubadilika, na mabadiliko hayo hayakuletwa na kitabu bali na kikaango. Mama mmoja muuzaji wa samaki huko Karagita, ambaye kwa miaka mingi aliwasomesha watoto wake kwa tilapia na kisha akaanza kununua kapi kwa kukosa jingine, alikuwa na kisu chembamba alichokinoa kila asubuhi juu ya jiwe, na kwa kisu hicho alimchanja kapi ubavuni mikato myembamba iliyokaribiana sana, upana wa punje ya mchele kati ya mkato na mkato, mpaka kisu kikasikika kikikata vijimiba vilivyotawanyika katikati ya nyama. Alieleza kwamba mafuta yakiwa moto sana huingia katika mikato hiyo na kuvikausha vijimiba vikatafunika, na kwamba wateja waliomsusa kapi kwa kuogopa mifupa na harufu ya tope walirudi walipofundishwa kumlowesha kwa chumvi na ndimu. "Usimtukane mwanangu," alisema, "huyu ndiye aliyelipa karo." Kauli hiyo ilikuwa ya kweli. Vibarua wa mashamba ya maua, ambao mishahara yao haikuruhusu nyama kila siku, walimpata kapi kwa bei waliyoimudu, na wavuvi ambao mwaka 2001 walikuwa wameanika nyavu zao uani walirudi majini kwa sababu yake.

Kwa hiyo yeyote anayemsema kapi kana kwamba ni balaa tupu huwasahau watu aliowalisha, na yeyote anayemsifu kwa sababu ya mizani ya ufuoni hulisahau ziwa lililo chini ya mashua. Jambo hilihili lilionekana kwa ukubwa zaidi katika Ziwa Viktoria, ambako sangara aliyetiwa katika miaka ya 1950 alijenga viwanda na kuleta fedha za kigeni, huku mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, yakipotea tumboni mwake na katika maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Mizani hupima kilo za aliyevuliwa. Haina upande wa kupimia asiyekuwepo tena.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, nao ni mgumu kuhukumu. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki kabisa mpaka mwaka 1953, alipoletwa samaki mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, mwenye uwezo wa kuishi katika maji ya moto na ya magadi ambayo yangemuua samaki mwingine yeyote, na aliletwa ili ale viluwiluwi vya mbu. Akatiwa tena miaka michache baadaye, akastawi. Ndege wala samaki ambao hawakuwa na haja na ziwa hilo walifika kwa wingi, hasa mwari weupe, ambao tangu mwaka 1968 wamekuwa wakitaga kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita na kuruka kila siku hadi Nakuru kutafuta chakula cha makinda. Watalii wengi waliopiga picha za mwari karibu na heroe, ndege wa waridi ambao chakula chao ni mwani wa spirulina na si samaki, hawakujua kwamba walikuwa wakipiga picha ya kazi ya binadamu. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliandikwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu ya utajiri wa ndege uliosifiwa humo ilitokana na ndoo ya samaki wadogo iliyomiminwa na mtu aliyekuwa akiwaza mbu. Ni vigumu kulilaumu tendo hilo. Lakini ni vigumu pia kulisifu, kwa sababu aliyelitenda hakuwa na habari ya mwari hata mmoja. Tangu Ziwa Nakuru lilipoanza kupanda katika miaka ya 2010 na magadi yake kuzimuliwa na maji ya mvua, tilapia wa Nile naye ameonekana humo, vijana wamemvua kwa siri ndani ya hifadhi, na mamlaka zimewaonya wakazi wasimle kwa kuwa ziwa hilo hupokea majitaka ya mji.

Kaskazini zaidi, katika Ziwa Baringo, kamongo aliyeletwa kutoka Ziwa Viktoria katika miaka ya 1970 amekuwa riziki kubwa ya wavuvi, ilhali tilapia wa asili wa ziwa hilo, ambaye ni jamii ndogo isiyopatikana kwingine, amepungua. Hadithi ni ileile, na haihitaji kurudiwa kwa urefu.

Jambo ambalo mwandishi amejifunza kutoka miaka hiyo yote, na ambalo halimfurahishi, ni kwamba kumbukumbu ya binadamu ni shahidi dhaifu wa hali ya ziwa. Kila kizazi hulichukulia ziwa lililokikuta kuwa ndilo ziwa la asili, na hupima hasara kuanzia siku za utoto wake, kwa hiyo wazee waliomlilia tilapia wa miaka ya 1970 walikuwa wakimlilia mgeni, na mwandishi aliyewakumbuka kamba wa utotoni kwa mapenzi alikuwa akimkumbuka mharibifu wa mayungiyungi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika ziwa hili mwenyeji hakupona, na kwa kuwa alikuwa mdogo na hakuwa na bei hakuna aliyemfanyia matanga. Ndiyo maana daftari za watafiti, vipimo vya kina, orodha za spishi na rekodi za kila mashua inayotia nanga zina thamani kuliko masimulizi matamu ya ufuoni, yakiwemo masimulizi haya. Kati ya viumbe 100 ambavyo shirika la uhifadhi la IUCN liliviorodhesha kuwa miongoni mwa vamizi hatari zaidi duniani, kapi, besi na trauti wa mito ya juu ya Malewa wote wamo, na gugu maji limo pia. Bonde moja dogo la Kenya limekusanya sehemu ya orodha hiyo kama kabati la maonyesho.

Kuwaondoa haiwezekani. Linalowezekana ni kuvua kapi kwa wingi kabla hajataga, kulinda ukanda wa mafunjo unaochuja tope la mito, kuheshimu miezi ya kufunga uvuvi, na zaidi ya yote kuhakikisha kwamba hakuna bwawa la samaki linalojengwa mahali ambapo mafuriko yataliunganisha na mto. Hata hivyo mwaka 2011 tilapia wa Nile alitiwa Naivasha kwa mara nyingine ili kuinua mapato, na safari hii amestawi, hata amekuwa sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa. Kambare naye akaanza kuonekana nyavuni baada ya hapo. Wavuvi wanafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Baada ya maji ya mwaka 2020 kuzamisha nyumba za Kihoto na kuvisukuma vituo vya kupokelea samaki mbali na mahali vilipokuwa, mwandishi alimkuta ufuoni kijana wa miaka 15 hivi akiwasaidia wavuvi kupakua makreti, akamwuliza ni samaki yupi kati ya wale waliolala mbele yao aliye wa asili wa Naivasha. Kijana hakusita, alimwinua kapi kwa mashavu yake na kusema, "Huyu, mzee. Hao tilapia waliletwa, lakini huyu amekuwa hapa siku zote." Mwandishi alitazama sharubu zile nne zikidondosha maji, kisha akanyoosha kidole chake kidogo na kumwonyesha, kutoka ncha hadi kiungo cha pili, urefu wa samaki aliyekuwapo.